Fulu fremu ya marehemu baba na kamati za harusi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba uniache niseme kwa urefu kidogo, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi iliyopita.

Jumamosi hiyo niliitwa, kama mpiga picha, na kamati ya harusi moja ya huku Rau, Moshi. Kikao kilikuwa uani kwa mama wa bwana harusi, soda zimepangwa, mweka hazina na daftari lake mapajani. Nikatoa albamu zangu tatu zizunguke mkono kwa mkono. Mwenyekiti, kijana mtanashati wa miaka thelathini hivi, alizipitisha kwa jirani yake bila kufunua hata moja. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, kamera yako ni fulu fremu?"

Nikamjibu ndiyo. Nikaongeza kwamba hata ile ya marehemu baba yangu, Zenit ya Kirusi aliyokuwa akiwapigia picha wasafiri pale stendi nikiwa bado shule ya msingi, nayo ni fulu fremu. Wakacheka wote. Walidhani natania.

Sikuwa natania hata kidogo. Fulu fremu maana yake ni kwamba kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga kina milimita 36 kwa 24, basi. Sisi wa kazi hii tunakiita sensa (si ile ya watu na makazi tuliyohesabiwa Agosti 2022, ingawa mume wangu hachoki na utani huo). Na kipimo chenyewe hakikuanza na kompyuta. Mjerumani Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz, alichukua mkanda wa filamu za sinema, akaulaza upande, akafanya fremu mbili za sinema kuwa fremu moja ya picha. Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 ilikuja na kipimo hicho, na wengine wakafuata. Kwa hiyo kila aliyewahi kuweka filamu ya picha 36 kwenye kamera kama ile Zenit alikuwa akipiga fulu fremu bila mtu kumsifia.

Zilipokuja za dijitali, kutengeneza sensa ya ukubwa ule kulikuwa ghali kupita kiasi. Canon walitoa EOS-1Ds mwaka 2002, megapikseli 11, kwa karibu dola 8,000. Mwaka uliofuata wakatoa 300D kwa chini ya dola 1,000, na siri ya unafuu ule ilikuwa pamoja na sensa ndogo, kama milimita 22 kwa 15. Hiyo ndiyo kropu. Lenzi ni ileile, ila sensa ndogo inaona sehemu ya katikati tu, kingo zinabaki nje. Milimita za lenzi zikizidi, picha inazidi kubana; ndiyo maana lenzi ya milimita 50 ukiivalisha kropu ya Canon inabana kama ya milimita 80. Unazidisha kwa 1.6. Kwa Nikon na Sony unazidisha kwa 1.5.

Sasa niwaeleze yaliyonikuta mimi, maana ninaandika kwa sababu hiyo.

Niliingia dijitali kwa kuchelewa, mwaka 2013, kwa Canon 700D na lenzi yake ndogo ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Nilifanya nayo kazi miaka minne. Vipaimara, komunio ya kwanza, mahafali, picha za pasipoti hapa nyumbani Majengo. Nje, saa nne asubuhi, mlima umejifunua, hakuna mteja aliyewahi kunirudishia picha.

Shida ilikuwa kanisani. Kulikuwa na ndoa huko juu Kibosho, mwezi wa saba. Mnaoijua Julai ya Kibosho mnajua ukungu unavyoingia mpaka madhabahuni. Madirisha membamba, taa mbili zimeungua, na padre alishasema hataki flashi wakati wa ibada. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, mpaka 6400. Picha zikatoka na chenga kama televisheni iliyopoteza antena. Suti nyeusi ya bwana harusi ilijaa vidoti vyekundu na vya kijani, utadhani imemwagiwa pilipili hoho. Familia ilikuwa ya kistaarabu, hawakusema neno, lakini kwenye albamu waliweka picha za kanisani nne tu. Ile ya kuvishana pete hawakuiweka.

Nikaapa kununua fulu fremu. Mwaka 2017 nikachukua mkopo wa VICOBA, milioni moja na nusu, nikaongezea akiba yangu ya laki tano, nikapanda Coaster kwenda Arusha kwa muuza kamera za mtumba niliyeelekezwa. Nikanunua bodi ya Canon 6D iliyotumika. Bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi. Yule kijana hakuniuliza nina lenzi gani, nami sikuuliza kitu. Nilirudi Moshi boksi mapajani kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikaichukua 18-55 yangu niivalishe. Haikuingia. Nikageuza, nikasukuma, nikafuta vumbi. Mwishowe ndipo nikaona: lenzi ile ina kialama cheupe cha mraba, na bodi mpya ina nukta nyekundu tu. Lenzi za Canon zenye mraba mweupe zimetengenezwa kwa kropu peke yake. Zenye nukta nyekundu zinaingia kote kuwili. Ile ya kuvuta vilivyo mbali, ya 55-250, nayo ilikuwa na mraba mweupe. Katika mkoba mzima lenzi iliyokubali kuingia ilikuwa moja, ya milimita 50, f/1.8 (hiyo ni namba ya tundu la kuingizia mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ile ndogo ya plastiki niliyoinunua mwaka mmoja kabla kwa laki mbili na nusu kwa ajili ya picha za sura.

Na Desemba ilikuwa imeshafika. Desemba kwetu ndiyo mavuno. Wenyeji wamerudi kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka Ulaya. Kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina turubai. Nilikwenda harusi ya Marangu na lenzi moja. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikaingia ukumbini, jani mdomoni, wapishi wanaicheza, wajomba wamejipanga nyuma yake watu kumi na wanne, na mimi katika lenzi naona wajomba watano. Nikarudi kinyumenyume. Nikaona saba. Nikarudi tena, nikarudi tena, mpaka nikakalia meza ya mashemeji, na chupa zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Picha ipo, bibi harusi anacheka kwa mkono mdomoni, mimi ndiye anayechekwa. Ile kamera yangu ya zamani na kilenzi chake cha boksi ingewabeba wajomba wote kumi na wanne bila mimi kuvunja kitu.

Mwaka mzima uliofuata nilikuwa nakodi lenzi ya mwenzangu huku nalipa rejesho la VICOBA. Nilipopata yangu, 24-105 ya f/4, ya mtumba pia, nikaitwa tena kanisa lilelile la Kibosho. Julai ileile, ukungu uleule. Sitadanganya: tofauti niliiona. ISO 6400 ileile, na suti nyeusi ikabaki nyeusi. Sensa ya fulu fremu ina eneo la milimita za mraba 864, ile ya 700D yangu haifiki 335. Ni zaidi ya mara mbili na nusu. Ni kama kuanika ulezi wa mbege: jua ni moja, lakini mkeka unapokea zaidi kuliko ungo.

Ila kuna hesabu niliyokuja kuifanya baadaye, usiku, kwa kalamu, nikabaki nimeshika kichwa. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Ile ya 50 inafunguka mpaka f/1.8. Mwanga unaoingia unapungua kwa mraba wa namba hizo, kwa hiyo ile ya plastiki ilikuwa ikiingiza karibu mara kumi ya ile niliyokuwa nimeivalisha siku ya chenga. Mara kumi! Bodi ya milioni mbili ilinipa mara mbili na nusu. Lenzi ya laki mbili na nusu, iliyokuwa imelala mkobani mwangu pale pale kanisani, hatua tatu kutoka kwa padre, ingenipa mara kumi. Sikuitoa kwa sababu niliona inabana, na kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba tatizo ni bodi.

Mtaalamu atasema f/1.8 inafanya sehemu ndogo tu ya picha iwe kali, kwamba bibi harusi atakuwa safi na msimamizi nyuma yake amefifia. Ni kweli. Afifie. Msimamizi aliyefifia anauzika. Bibi harusi mwenye chenga usoni hauziki.

Basi kijana yeyote anayenijia siku hizi na kropu yake, anataka kupanda fulu fremu, namuuliza kwanza amefungua mkoba wake akaangalia lenzi zake zina alama gani na zinafunguka kiasi gani. Wengi hawajawahi kuangalia. Mwenye Nikon ana afueni kidogo, lenzi zake za kropu zinaingia kwenye fulu fremu, ila kamera inaikata picha yenyewe. Ile D750 ya megapikseli 24 inabakiwa na kama 10. Hapo umelipa bei ya fulu fremu ukapiga kropu. Na hizi mpya zisizo na kioo ndani, ambazo Canon na Nikon walizileta kwa fulu fremu mwaka 2018, zinapokea lenzi za zamani kwa adapta, lakini sheria ya ukubwa haibadiliki.

Mtoto wa kaka yangu yuko Arusha, Sakina, anaendesha watalii. Alinipigia simu mwaka jana. "Shangazi shikamoo, nimeshajikusanya, nataka nipande fulu fremu kama wewe." Nikamuuliza, "Unapiga nini huko?" Akasema, "Ndege, shangazi. Na chui nikibahatika." Nikamwambia kaa na hela yako.

Yeye ana 7D Mark II, kropu ya mwaka 2014, na lenzi ya 100-400. Kwenye kamera yake ile 400 inaona kama 640. Lenzi haijarefuka, hilo wengi wanakosea. Picha imekatwa tu. Lakini imekatwa huku megapikseli zake 20 zote zikiwa zimejazana pale palipobaki. Mimi nikipiga ndege yuleyule wa Momella kwa 6D yangu na lenzi ileile, kisha nikakata picha ilingane na yake, nabaki na megapikseli kama 8. Na yake inapiga picha 10 kwa sekunde, yangu nne na nusu. Mdiria akishazama majini mimi napata mawimbi. Ili alingane na alipo sasa kwa fulu fremu angehitaji lenzi ya milimita 600, na zile zenye tundu kubwa mpya zinazidi dola 12,000. Hiyo ni hela ya kiwanja. Za bei rahisi zipo, zenye tundu dogo, ambazo alfajiri chui akiwa bado juu ya mti zinakuwa vipofu. Hela yake akanunulia kifuniko cha mvua na vumbi, betri mbili na kadi za maana, iliyobaki akaezeka jikoni kwa mama yake. Wifi yangu ananiombea mpaka leo.

Nimetaja kadi, nisilipite hilo, maana ndilo linaloniuma zaidi kuliko sensa. Ile 6D niliyoililia ina nafasi moja tu ya kadi. Mwaka 2019, kwenye send-off moja hapa mjini, kadi ilikufa saa nne usiku. Haikusoma kwenye kamera, haikusoma kwenye kompyuta, fundi wa Arusha alikaa nayo siku tisa akairudisha. Picha mia nne na ushee. Bibi mzaa mama wa yule binti alikuwa amecheza kwa fimbo yake, ukumbi mzima ukasimama. Nilirudisha hela yote na nikapiga magoti mbele ya mama wa binti, jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa. Zipo kamera zinazoandika kadi mbili kwa wakati mmoja, za fulu fremu na za kropu pia; ile ya mtoto wa kaka yangu inayo nafasi mbili, yangu ya "daraja la juu" haina. Katika kamati zote nilizokalia, hakuna iliyowahi kuniuliza habari ya kadi.

Wanauliza fulu fremu. Sasa hivi wameanza kuliandika kwenye mikataba kabisa, mstari wa pili baada ya bei. Na matokeo yake nayaona hapa mtaani. Kuna kijana alikuwa anapiga vizuri sana kwa kropu na flashi mbili, anajua kuigonganisha flashi na dari mpaka ukumbi uonekane una madirisha. Alikosa kazi tatu mfululizo kwa sababu ya swali hilo. Akaenda kwenye mikopo ya kausha damu, akauza flashi zote mbili kuongezea, akapata bodi ya fulu fremu na lenzi moja ya f/5.6. Kazi alipata. Picha za ukumbini zilikuwa na chenga. Kamati ileile iliyodai fulu fremu ikamkata laki tatu kwenye malipo, na bodi sasa iko kwa mkopeshaji. Flashi zake naziona zinatumiwa na mtu mwingine.

Naziomba kamati ziulize hivi: "Tuonyeshe picha ulizopiga ukumbini usiku, harusi nzima, si zile kumi nzuri." Mpiga picha wa kweli ataitoa harusi nzima, kuanzia kuingia maharusi mpaka watu wanaofunga mabaki kwenye vikontena. Hapo mtaona nyuso za wazee wa mezani, mtaona kama watu weusi wametoka weusi wa kupendeza au wametoka majivu, mtaona kama mjomba wa mwisho kwenye mstari yumo. Baada ya hapo kamera yake iwe na sensa ya ukubwa wa kucha, shauri yake.

Kuhusu kuchapisha, kwa kuwa mwenyekiti wa Rau alinirushia na hilo ("tunataka picha ya ukutani, kropu haitachapika"): 700D yangu ina nukta 5184 kwa 3456. Kwa nukta 300 kila inchi, ambacho ndicho kipimo cha uchapaji mzuri, ni inchi 17 kwa 11 na nusu, kama karatasi ya A3. Ya ukutani unaiangalia ukiwa umekaa kwenye kochi, si ukiwa umebandika pua, kwa hiyo hata ukiikuza mara mbili ya hapo inatosha. Na tuseme kweli, nusu ya picha zangu zinaishia WhatsApp, ambako zinakamuliwa mpaka megapikseli za kamera ya nani hakuna anayejua.

700D bado ninayo. Haijauzwa na haitauzwa. Inapiga pasipoti na picha za familia studio, chini ya taa zangu mbili, ISO 100, f/8. Pasaka iliyopita nilimpiga mjukuu wa jirani kwa kamera zote mbili, kiti kilekile, taa zilezile, nikachapisha zote inchi 8 kwa 12 nikazitundika mlangoni. Nimewauliza wateja wengi ipi imepigwa kwa fulu fremu. Karibu wote wanachagua ile ambayo mtoto anacheka.

Zimetundikwa bado, kushoto ukiingia. Mwenyekiti wa Rau nilimkaribisha aje azione kabla hawajaamua. Amesema atapita Jumatano akitoka kazini. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli ni kamera gani, na sitamruhusu azigeuze kabla hajachagua.

Ni mimi,
Mama Picha,
Majengo, Moshi